Gunia, Kiuno na Simu: Afisa wa Forodha Ana Haki ya Kupekua Nini?

SWALI: Mimi nauza vitenge na njugu karanga hapa Kondele, Kisumu. Mzigo nanunua Busia upande wa Uganda. Siku kumi na moja zilizopita nilikuwa kwenye matatu ya jioni kutoka Busia. Tulipopita Yala tukasimamishwa na watu wanne, wawili wakiwa na bunduki, wakasema wao ni wa forodha. Hapo ni mbali na mpaka. Walifungua buti wakauliza mizigo ni ya nani. Yangu ilikuwa vitenge arobaini na gunia moja la njugu. Sikuwa na karatasi kwa sababu mzigo ulivushwa na kijana wa boda, mimi nikavuka kwa miguu. Afisa mmoja mwanamume alitaka kunipapasa kiunoni, mahali ninapofunga pesa. Nilipokataa, akamwambia abiria mwenzangu, mwanamke, anipekue yeye. Walichukua simu yangu wakasoma WhatsApp na M-Pesa. Mwishowe wakabeba vitenge na gunia, wakasema nikitia sahihi fomu fulani nitarudishiwa njugu. Sikutia. Kijana wangu anasema bila waranti hawakuwa na haki hata ya kugusa gunia. Ni kweli? Na wanaweza kunifuata mpaka stoo, au nyumbani usiku?

JIBU: Mama, pole kwa yaliyokupata. Jibu langu la kwanza halitakupendeza: kuhusu gunia na vitenge, kijana wako amekosea. Kuhusu kiuno na simu, amekaribia ukweli kuliko anavyojua mwenyewe. Na ile fomu uliyokataa kutia sahihi, hapo ulijiokoa. Wengi wanaokuja ofisini kwangu huwa wameshatia sahihi zamani, ndipo wanauliza ilikuwa imeandikwa nini.

Hili neno waranti vijana wetu wamelipata kwenye sinema za Marekani. Lakini hata huko kwenyewe forodha haijawahi kufungwa nalo hivyo. Bunge la kwanza la Marekani, mwaka 1789, liliwapa maofisa wa forodha uwezo wa kupanda meli na kupekua shehena bila waranti, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema, katika kesi ya Ramsey, kwamba upekuzi wa mpakani unakubalika kwa sababu hiyo tu, kwamba unafanyika mpakani. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza mgeni amebeba nini mlangoni. Ugomvi huanza mgeni akishaingia, na wewe Yala ulikuwa umeshaingia.

Sheria inayokuhusu si ya Kenya peke yake. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na ndiyo hiyo hiyo wanayotumia maofisa wa Uganda na Tanzania. Inatumika Busia na Malaba, inatumika Isebania, inatumika gatini Kisumu na pale uwanja wa ndege. Kwa upande wa pili iko Katiba yetu ya 2010, na ibara ya 31 ndiyo ya kukariri: kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo kutopekuliwa mwili, nyumba au mali yake, kutonyang'anywa vitu vyake, na mawasiliano yake kutoingiliwa. Haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka, ila ibara ya 24 inataka mipaka yenyewe iwe kwa sheria, iwe ya busara, na isizidi haja iliyopo.

Ukiwa pale kituoni Busia, sheria haikupi nafasi kubwa ya kubishana. Kifungu cha 154 kinamtaka kila anayeingia au kutoka ajibu maswali kuhusu mizigo yake na aifungue akiambiwa. Afisa halazimiki kukushuku kwanza. Siku hizi, tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, ukitoka Uganda unasimama mara moja tu, upande wa Kenya, na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Ukikutana na Mganda mwenye sare ndani ya Kenya akikuuliza maswali, usishangae. Ndivyo mpango ulivyo.

Barabarani mambo yanabadilika. Kifungu cha 153 kinamruhusu afisa wa forodha kusimamisha gari na kulipekua, lakini kwa sharti: awe na sababu za msingi za kuamini kwamba gari limebeba bidhaa ambazo hazijapitia forodha. Sharti hilo halina kilomita. Hakuna mstari uliochorwa Bumala au Ugunja kwamba ukiupita umekuwa huru, na gari lako linaweza kusimamishwa hata Salgaa. Umbali hauondoi uwezo wao, ila unawaongezea kazi ya kueleza sababu. Afisa wa mpakani akiulizwa na hakimu kwa nini ulifungua mfuko huu, atajibu kwamba mwenye mfuko alikuwa anavuka mpaka. Yule wa Yala hana jibu hilo. Lazima aseme alipashwa habari, au aliona boda wakishusha mizigo kando ya barabara na ikipakiwa kwenye matatu hiyo, au buti ilikuwa imejaa marobota yasiyo na alama yoyote. Kusema “nilimwona ni mama wa soko” si sababu. Wala “kila matatu ya jioni kutoka Busia huwa na magendo” si sababu inayotosha, ingawa nakiri nimesikia ikisemwa mahakamani kwa ujasiri mkubwa.

Kwa hiyo ukisimamishwa tena, swali la kwanza lisiwe “waranti iko wapi?” Uliza, “Afisa, mnatafuta nini, na mmepata wapi habari?” Uliza kwa sauti ya kawaida, abiria wenzako wakisikia. Jina lake na namba ya kadi ya kazi uandike, hata nyuma ya tiketi. Jibu atakalotoa pale ndilo litakalopimwa baadaye, na mara nyingi jibu la barabarani na lile la kwenye hati ya kiapo huwa hazijuani. Usizuie mlango wala kuvuta gunia, kwa sababu kumzuia afisa kazini ni kosa lenyewe, na maofisa wa forodha wakiwa kazini wana uwezo wa askari polisi kwa mujibu wa kifungu cha 7.

Sasa nije kwenye mahali panapouma. Najua unajiuliza: njugu zimelimwa Uganda, na bidhaa za Jumuiya hazitozwi ushuru wa forodha, basi kosa langu ni lipi? Kosa liko kwenye njia, Mama. Sheria inaita bidhaa “isiyopitia forodha” ile inayodaiwa ushuru haujalipwa, na pia bidhaa yoyote, iwe inatozwa au haitozwi, iliyoingizwa kinyume na utaratibu. Ule mzigo kijana wa boda aliuvusha kwa njia za panya. Siku hiyo hiyo njugu zako, ambazo pengine zisingetozwa chochote cha forodha, zikawa mali ya kushikwa. Hata pikipiki yake iko hatarini, maana kifungu cha 211 kinahusu vyombo vilivyotumika kubeba. Na mbele ya mahakama, kifungu cha 223 kinaweka mzigo wa kuthibitisha juu yako: wewe ndiye utaonyesha bidhaa zimetoka wapi na ushuru wake umelipwa. Mtu aliyezoea kusikia kwamba serikali ndiyo inayothibitisha hushtuka sana hapo.

Vitenge ni hadithi nyingine kabisa. Kununua kitu Uganda hakukifanyi kiwe cha Uganda. Kitenge kilichofumwa na kuchapishwa China au India, kikashuka Mombasa, kikaenda Kampala, kikarudi Busia, bado ni kitenge cha nje ya Jumuiya, na kikiingia Kenya kinadaiwa ushuru wa Kenya. Wafanyabiashara wengi wa Kondele na soko la Jubilee hawalijui hili mpaka siku waliyoshikwa. Tazama pindo la kitambaa. Mara nyingi nchi kilikotoka imechapishwa pale pale.

Kwa njugu, njia ya halali ni nyepesi kuliko faini. Bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachogongwa muhuri pale pale mpakani, na cheti hicho hakiuzwi. Utahitaji pia karatasi ya afya ya mimea, na njugu na mahindi huangaliwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Unakumbuka Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalivyozuiwa kwa ajili hiyo hiyo. Nakubali kuna foleni, na kuna makarani wanaokuzungusha. Lakini gunia lenye cheti likisimamishwa Yala, unaonyesha karatasi na safari inaendelea.

Kwa hivyo kuhusu mizigo, hukumu yangu ni hii: kama walikuwa na habari za kweli kuhusu matatu ile, kusimamisha na kufungua buti kulikuwa halali, na baada ya wewe kusema huna karatasi, kushika mzigo pia kulikuwa halali chini ya kifungu cha 213.

Kiuno ni jambo jingine. Kifungu cha 155 kinaruhusu kupekua mtu, tena kwa sharti lile lile la sababu za msingi, na sababu hizo ziwe juu yako wewe, si juu ya gari. Afisa anayeshuku buti hajapata kibali cha kushuku blauzi. Halafu sheria inasema wazi kwamba mwanamke hatapekuliwa ila na mwanamke. Haikusema “ikiwezekana”, wala haikuachia nafasi ya “hatukuja na mwanamke leo”. Afisa yule alivunja sheria alipoinyosha mikono tu. Je, kumtuma abiria? Abiria alikuwa mwanamke, ndiyo, lakini uwezo wa kupekua amepewa afisa, na abiria wa matatu si afisa kwa sababu tu amekaa kiti cha jirani. Kwa maoni yangu ulikuwa na haki ya kukataa hilo nalo. Tena naye maskini alikuwa na haki ya kukataa kutumwa.

Na kuna jambo ndani ya kifungu hicho ambalo sijawahi kusikia likitumika barabarani, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote. Afisa akikuambia atakupekua mwilini, unaweza kudai upelekwe kwanza, bila kucheleweshwa, mbele ya hakimu, au Kamishna wa forodha, au afisa mwingine wa ngazi ya juu. Huyo mkubwa akiona hakuna sababu, anakuachilia. Akiona ipo, anaamuru upekuliwe. Maneno ya kusema ni mepesi: “Sikatai kupekuliwa. Nataka nipelekwe kwanza kwa mkubwa wako, kama sheria ya forodha inavyosema.” Ukisema hivyo huwezi kuambiwa umemzuia afisa kazini, maana umetumia mlango ambao sheria yake mwenyewe imekufungulia. Na nikwambie kweli, afisa anayetafuta kitu kidogo hapendi safari ya kwenda kwa mkubwa saa mbili za usiku.

Pesa ulizofunga kiunoni, kama ni shilingi za biashara yako, si bidhaa ya magendo. Na kama kuna aliyedokeza kwamba elfu mbili tatu zingemaliza maneno, basi ujue ushuru haulipwi kwa noti barabarani. Hulipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, na risiti yake hutoka huko huko. Ukilipa pembeni, Sheria ya Hongo ya 2016 inawahesabu wawili, aliyepokea na aliyetoa.

Simu. Hapa ndipo naona walikosea zaidi, hata kuliko kiunoni, kwa sababu pale waliishia kujaribu. Sheria ya forodha inawapa uwezo mpana wa kudai vitabu na kumbukumbu za biashara, na wanaweza kurudi nyuma miaka mitano. Wakikuandikia wakitaka hesabu zako, ankara, hata taarifa ya M-Pesa ya mauzo, utalazimika kutoa. Lakini kudai hesabu kwa maandishi na kupokonya simu ya mtu kando ya barabara, kisha kuvinjari mazungumzo yake na dada yake na mhudumu wa kliniki, si kitu kimoja. Ibara ya 31 inataja mawasiliano kwa jina. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 48, inamtaka askari anayetaka kupekua data iliyohifadhiwa kwenye kifaa aende mahakamani akaombe waranti. Basi ukiniuliza waranti ilihitajika wapi safari ile, nitasema ilihitajika kwenye simu. Wakikuuliza namba ya siri, unaweza kukataa kwa adabu. Wakiichukua simu kama kidhibiti, dai iandikwe kwenye orodha ya vitu vilivyoshikwa, pamoja na namba yake ya utambulisho (IMEI), na izimwe mbele yako.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba kosa lao kwenye simu litarudisha vitenge. Ibara ya 50(4) inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa kama kuukubali kutaharibu haki ya kesi. Jumbe za WhatsApp zinaweza kutupwa. Vitenge havikupatikana kwenye simu. Vilikuwa ndani ya buti. Lalamiko la kiuno na simu lipeleke peke yake, kwa maandishi: la maofisa wa forodha kwa Tume ya Haki ya Utawala, na la askari wenye bunduki, kama nao walihusika, kwa mamlaka huru ya kuchunguza polisi. Usilichanganye na barua ya kudai mzigo.

Kuhusu stoo na nyumba, jibu ni ndiyo, wanaweza kuja, lakini tofautisha njia mbili. Kifungu cha 158 ni cha afisa anayekwenda kwa hakimu, anakula kiapo kuhusu alichoshuku na mahali kilipo, na kupewa waranti, ambayo inaweza kutumika mchana au usiku. Kifungu cha 157 kinamruhusu kuingia bila waranti akiwa na sababu za msingi za kuamini kuna bidhaa zisizopitia forodha au karatasi zake ndani. Hicho cha pili ndicho mawakili tunachogombana nacho, maana kinagongana uso kwa uso na ibara ya 31. Sheria hiyo ikipimwa kwa busara, stoo ya biashara Kondele ni kitu kimoja. Chumba ambamo watoto wamelala saa sita usiku ni kingine, na afisa aliyekuwa na siku nzima ya kwenda kwa hakimu asipokwenda ana maelezo ya kutoa. Wakibisha hodi, fungua dirisha kwanza, omba kadi, omba waranti, isome anwani iliyoandikwa. Wakisema wanatumia 157, waambie wataje sababu, mwite jirani au mzee wa nyumba kumi awe shahidi, kisha usiwazuie kwa mwili. Wasitoke bila kuacha orodha iliyotiwa sahihi ya walichobeba.

Sasa ile fomu. Sijaiona, lakini ahadi ya “tia sahihi tukurudishie njugu” naijua harufu yake. Kifungu cha 219 kinamruhusu Kamishna kumaliza kosa bila mahakama: mtu anakubali kwa maandishi kwamba ametenda kosa, anapangiwa faini, na mali inaweza kurudishwa au kutaifishwa. Wakati mwingine ni njia nzuri. Kwa mtu aliyeshikwa waziwazi na asiye na muda wa kesi, mimi mwenyewe humshauri aichukue. Lakini uamuzi wake ni wa mwisho, haukatiwi rufaa, na ungekuwa umekiri kosa la vitenge ili upate gunia la njugu. Tena uwezo huo ni wa Kamishna, si wa afisa mwenye tochi. Kosa lenyewe, likienda mahakamani na ukapatikana na hatia chini ya kifungu cha 200, linaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka mitano au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili, kwa hiyo makubaliano si ya kudharau. Yafanye ofisini, mchana, ukiwa umesoma kila mstari, na ikiwezekana ukiwa na wakili au ajenti wa forodha mwenye leseni.

Kabla ya hayo yote kuna barua, na hapa naomba usome polepole. Mali ikishikwa mbele yako, saa inaanza kuhesabu palepale. Chini ya kifungu cha 214 una mwezi mmoja kumwandikia Kamishna kwamba unadai mali yako. Mwezi ukipita kimya, mali inahesabika imetaifishwa, hata kama maofisa walikosea kila hatua, hata kama ungekuwa na risiti za dhahabu. Nimeona watu wakipoteza mzigo wa halali kabisa kwa sababu walikaa nyumbani wakingoja kuitwa. Ukishaandika, mzigo wa kazi unahamia kwao: chini ya kifungu cha 216 Kamishna ana miezi miwili ya kuamua kama atakushtaki, atakurudishia, au atakutaka wewe ufungue kesi ya kudai, na akikutaka hivyo nawe una miezi miwili.

Barua isiwe ndefu. Taja tarehe, saa na mahali. Namba ya matatu. Vitenge arobaini na gunia moja kwa uzito wake. Majina au namba za kadi kama ulizipata. Kwamba wewe ndiye mmiliki na unadai virudishwe. Njugu na vitenge vidai kwa aya tofauti, kwa sababu utetezi wake ni tofauti, na usieleze njia mzigo uliyopitia mpaka uongee na wakili. Ambatanisha karatasi yoyote uliyopewa na muuzaji Uganda, hata kama ni ya daftari. Siku kumi na moja zimeshapita. Peleka wiki hii, nakala mbili, na usitoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.